Kwa nini riwaya ilinichukiza na utajiri, na filamu yake ikanitamanisha?

Mwanafunzi wa Tunguu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba nilete suali ambalo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, nami naamini humu wamo waliosoma na kutazama kuliko mimi.

Nilimaliza kuisoma The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925, na siku mbili baadaye tukaitazama nyumbani filamu yake ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Baz Luhrmann. Tulitundika shuka jeupe ukumbini, tukaazima projekta, tukakaa chini mimi na binamu zangu wanne. Kwa asiyeijua hadithi: Gatsby ni mtoto wa watu maskini aliyetajirika kwa magendo ya pombe wakati Marekani ilipoipiga marufuku, na mali yote anaimwaga katika karamu za kila wiki kwa tamaa ya kumrejesha Daisy, mwanamke aliyempenda zamani na ambaye sasa ameolewa na Tom, tajiri wa kuzaliwa. Mwisho wake maiti ni tatu: Myrtle, hawara wa Tom, anayegongwa na gari lililokuwa likiendeshwa na Daisy, Gatsby, anayepigwa risasi kwa kosa lisilokuwa lake, na Wilson, mume wa Myrtle, anayejiua baada ya kumuua Gatsby. Tom na Daisy wanafunga mizigo na kuhama, na hakuna anayewauliza kitu.

Nilipokifunga kitabu nilihisi kichefuchefu. Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, binamu yangu wa miaka kumi na sita aliuliza kama mafundi wa Mlandege wanaweza kushona gauni la shanga kama lile la Daisy. Mwengine akaomba turejeshe nyuma mpaka pale zinaporushwa fataki, Gatsby anapogeuka na kutabasamu na bilauri mkononi. Wilson hakutajwa na mtu. Kusema kweli hata mimi, niliyekuwa na riwaya nzima kichwani, nilijikuta nataka kuziona fataki mara ya pili.

Basi suali langu ni hili. Uozo wa maadili ambao mwandishi ameupalilia ukurasa kwa ukurasa, unapotea wapi hadithi inapokwenda kwenye skrini? Kosa ni la mwongozaji huyu au yule, au kamera yenyewe haijui kukichukia kitu kizuri? Naomba tusirejee katika ule mjadala wa kitabu kuwa bora kuliko filamu, maana huo tumeshauchosha wenyewe. Na mwenye mfano wa karibu na kwetu asiache kuuleta.

Maalim wa Vikokotoni

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimesomesha fasihi katika skuli zetu kwa muda mrefu na suali lako nimeulizwa kwa sura nyingi, lakini hili la binamu na gauni la shanga limelieleza vizuri kuliko mitihani yote niliyowahi kuitunga.

Jibu langu linaanza na msimulizi. Katika riwaya ile hatuioni karamu hata moja kwa macho yetu. Tunaiona kwa macho ya Nick, jirani wa Gatsby, na Nick ana tabia ya kusifu na kusuta katika sentensi moja. Chukua lile fungu la mwanzo la karamu katika sura ya tatu. Tunaambiwa kwamba kila Ijumaa yanaletwa makasha matano ya machungwa na malimau, na kila Jumatatu machungwa yale yale yanatoka kwa mlango wa nyuma yakiwa rundo la maganda yaliyokamuliwa. Tunaambiwa pia kwamba Jumatatu hiyo hiyo watumishi wanane wanashinda kutwa na matambara, brashi, nyundo na mikasi ya bustani, wakitengeneza yaliyoharibiwa usiku. Yote hayo tunayasikia kabla ya karamu yenyewe kuanza kusimuliwa. Kwa hiyo inapofika bendi na ngoma ikaanza, msomaji ameshayaona maganda, na harufu yake anayo puani muda wote wa ngoma.

Filamu haina sentensi ya namna hiyo. Filamu ina picha, na picha ya machungwa mazima ni picha ya machungwa mazima. Ukitaka kuonyesha maganda, lazima ukate, uhame, uende siku nyengine. Mtazamaji anayapata mambo hayo kwa mfuatano, kwanza tamu kisha chungu, ilhali msomaji anayapata pamoja. Na mwanadamu aliyekwishaonjeshwa tamu hana subira na kinachofuata.

Luhrmann alilijua tatizo hili, tusimdhulumu. Ndiyo maana akambuni Nick aliye katika nyumba ya wagonjwa, ambaye daktari wake anamshauri aandike, jambo lisilokuwamo riwayani. Na pahala pengine maneno ya Fitzgerald yanaelea yameandikwa juu ya picha. Alikuwa akiitafuta ile sauti inayosuta. Hata hivyo sauti ikisema kwa upole na picha ikapiga kelele, unadhani watu watasikia ipi?

Kuna jambo jengine alilolifanya ambalo mimi sikumsamehe. Katika riwaya, baada ya Gatsby kufa, anakuja baba yake, mzee Gatz, maskini wa Mungu, amevaa koti la bei rahisi. Mfukoni ana picha ya nyumba ya mwanawe, imechakaa na kuchanika pembe kwa kushikwashikwa, na anamwonyesha Nick picha hiyo wakati wenyewe wamo ndani ya nyumba ile ile. Nyumba ipo mbele yake na yeye anaitazama picha! Hapo ndipo utajiri wote wa Gatsby unapopimwa uzito wake. Filamu ya mwaka 2013 imemwondoa mzee huyu kabisa. Ile ya mwaka 1974, iliyoandikiwa mswada na Francis Ford Coppola na kuongozwa na Jack Clayton, ilimbakisha, na ingawa wengi waliilalamikia kuwa ni nzito na inakwenda kwa mwendo wa kobe, mimi naiona ya haki zaidi. Watu wa filamu ile wanatoka jasho. Joto linawapata matajiri katika hariri zao, nyuso zinang'aa kwa unyevu, na unajua kwamba ndani ya fahari ile kuna miili isiyokuwa na raha.

Wazee wetu walikwishasema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nenda kaisome tena ile sehemu ya maktaba ya Gatsby, ambapo mgeni mmoja mlevi anashangaa kugundua kwamba vitabu ni vya kweli, si maboksi matupu, lakini kurasa zake hazijakatwa. Maana yake hakuna aliyewahi kuvisoma. Ni sawa na vile vyombo vya kabatini kwetu ambavyo havijawahi kutumika tangu siku ya harusi ya bibi.

Bi Kamera

Maalim, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili na nakubaliana nawe kwa mengi, ila hapo uliposema kwamba picha ya machungwa mazima ni picha ya machungwa mazima, naomba ruhusa nikupinge kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Mimi napiga video za harusi, upande wa wanawake. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kuuonyesha utajiri, wa kweli na wa kuazima. Mama wa biharusi ananiita pembeni kabla sijafungua mkoba na jambo la kwanza kuniambia ni kwamba dhahabu ionekane. Nami najua namna ya kuifanya ionekane: taa naiweka ubavuni, juu kidogo ya bega, kamera naisogeza taratibu kutoka kwenye hina ya mkono kuja kwenye bangili, kisha shingoni, kisha usoni. Taa ile ile nikiihamishia mbele, dhahabu inapoa na kufanana na shaba, na kila poda iliyopakwa inaonekana ilipokoma. Kitu ni kimoja, biharusi ni mmoja, lakini katika video ya kwanza unamtamani na katika ya pili unamhurumia. Kwa hiyo kamera inajua kuchukia, mwanangu wa Tunguu. Tatizo ni kwamba anayelipa hajawahi kuniomba niwashe taa ya pili.

Nitakupa picha moja ambayo sikuwahi kumkabidhi mtu. Harusi ilikwisha, wageni wameondoka, ilikuwa kiasi cha saa nane za usiku, nami nilikuwa nakunja nyaya zangu pembeni huku kamera imesahauliwa ikiwa inaendelea. Mama akamjia mwanawe, akamvua mkufu mkubwa ule niliokuwa nimeuzungushia taa jioni nzima, akaufunga katika ncha ya leso, akampa jirani aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga begani, anasubiri. Hawakusemezana. Biharusi akabaki na alama nyekundu shingoni. Nilipoirejelea nyumbani nikaona kwamba sekunde zile chache zimesema zaidi ya saa nne zilizotangulia, kisha nikazifuta, kwa sababu ni siri ya watu.

Ndiyo maana nampenda Stanley Kubrick katika Barry Lyndon, filamu ya mwaka 1975 iliyotokana na riwaya ya Thackeray ya mwaka 1844. Hadithi ni ya kijana mdogo wa Ireland anayejipenyeza kwa ujanja, kamari na ndoa mpaka ndani ya ukwasi wa Kiingereza, kisha anaporomoka. Matukio ya usiku ndani ya majumba yale Kubrick aliyapiga kwa mwanga wa mishumaa, na ili aweze alitumia lenzi za Zeiss zilizotengenezwa awali kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, lenzi zinazomeza mwanga mdogo kuliko lenzi yoyote utakayoikuta dukani. Watu wa ufundi wanaisifu kwa hilo na wanaishia hapo. Mimi ninachokiona ni nyuso. Chini ya mishumaa ile matajiri wamepakwa unga mweupe na wekundu wa mashavuni mpaka wamekuwa kama vinyago, na kwa kuwa lenzi ya namna hiyo inaona wazi sehemu ndogo tu, mtu akiinama kidogo anatoka katika uwazi na kuwa ukungu, basi wanakaa wima, hawasogei. Uzuri upo, lakini ni uzuri wa kitu kilichokwishakufa.

Na kuhusu msimulizi, Maalim, angalia alivyofanya. Katika riwaya anayesimulia ni Barry mwenyewe, muongo, mtu wa kujisifu, na msomaji anacheka kwa sababu anamshika katika uongo wake. Kubrick aliitupa sauti hiyo na kuweka msimulizi wa nje, mtulivu, ambaye anakutangulizia balaa kabla halijafika: huyu atakufa maskini, mtoto huyu hataishi. Basi unaona karamu, unaona farasi na mabustani, na tayari unajua. Hayo ndiyo maganda yako ya machungwa, yameletwa siku ya Ijumaa.

Mtu wa Wete

Nawasalimu nyote. Mimi nitaleta ya Sicily, kwa sababu ndiyo filamu pekee ya Kizungu ambayo baba yangu, Mungu amrehemu, alikubali kuitazama mpaka mwisho.

Il Gattopardo, yaani Chui, ni riwaya ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa, mwanamwinyi wa kweli aliyefariki mwaka 1957, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Filamu yake iliongozwa na Luchino Visconti, mwanamwinyi mwengine, lakini huyu mkomunisti, na ikashinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1963. Habari yake ni ya mwaka 1860 na miaka iliyofuata, wakati Italia inaunganishwa na ukoo wa Mwana wa Mfalme wa Salina unaona dunia yake ikiondoka. Mpwa wake anaamua kumwoa binti wa Sedara, meya aliyetajirika juzi, kwa sababu amekwishafahamu kwamba ili mambo yabaki kama yalivyo, sharti yabadilike.

Dansi ya mwisho katika filamu hii ni ndefu mno. Inakaribia robo ya filamu nzima. Mwanzo unaishangilia. Kuta za dhahabu, magauni, vioo vinavyopokezana taa za mishumaa. Baada ya dakika kumi na tano umeshiba. Baada ya nusu saa unatafuta mlango, na yule Mwana wa Mfalme mzee naye anautafuta, amelegea, wasichana wanarukaruka kama kima. Kisha anapita mbele ya chumba kimejaa vyungu vya haja ndogo, vimepangwa chini, vimejaa. Visconti hakuongeza neno. Nafikiri hiyo ndiyo njia ya tatu baada ya ile ya Bi Kamera: usiupunguze utajiri wala usiubadilishie taa, mpe mtu mpaka umtoke puani.

Baba yangu alipofika pale kwenye vyungu alicheka peke yake. Alikuwa mtu mzima mwaka 1964, na alikuwa ameingia katika nyumba za mabwana wa karafuu kwa mlango wa nyuma, kupeleka mizigo. Akasema, "Hivyo ndivyo vilivyokuwa, anayeviona vyungu ni anayevimwaga." Filamu ilitangulia Mapinduzi yetu kwa miezi tu, na ni ya kisiwa cha watu wengine, ila yeye aliitazama kama anayeangalia picha ya mtaa wake.

Ila nina lawama. Visconti aliishia kwenye dansi na kuziacha sura mbili za mwisho za riwaya, kifo cha yule mzee mwaka 1883 na ile ya mwaka 1910, ambapo binti zake wamezeeka bila waume, wamezungukwa na masalia ya watakatifu ambayo kanisa limeyapima na kukuta mengi ni ya uongo, na mbwa wa baba yao aliyekaushwa na kujazwa anatupwa dirishani kwenye jalala. Uozo hapo si mfano tena, ni vumbi la kweli. Mwongozaji alimpenda sana yule mzee, na kwa kumpenda akamwacha aondoke kwa heshima, anatembea peke yake alfajiri.

Sasa nije kwetu, kwani mwanafunzi ameomba. Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, hakumpa bwana wake heshima hiyo. Kasri tunaliona zaidi kupitia Kijakazi, anayepika, anayefua, anayepigwa, na ambaye bado anamwamini bwana wake. Msomaji anayekisoma kitabu kile hapati nafasi ya kuutamani ule ukwasi kwa sababu kila chombo kimekwishaonekana kikioshwa na mtu. Siku atakapotokea wa kuifanya filamu, na amwanze Kijakazi jikoni. Akianza na lango la kasri na ndege isiyokuwa na rubani inayopaa juu ya minazi, kama zifanyavyo video za hoteli za sasa, ameshapotea.

Mjukuu wa Majestic

Samahani wakubwa zangu, lakini naona mnamtetea sana msomaji na kumwonea mtazamaji. Mwanafunzi amesema alikifunga kitabu akahisi kichefuchefu. Mimi nilikifunga kitabu kile kile nikahisi wivu, na nadhani Fitzgerald alikusudia hivyo. Nick mwenyewe anakiri kwamba alikuwa ndani na nje kwa wakati mmoja, amevutwa na amechukizwa. Daisy anapolia juu ya rundo la mashati ya Gatsby, analia kwa sababu hajapata kuona mashati mazuri kama yale. Sentensi hiyo ukiisoma bila kuyatamani mashati hujaielewa. Filamu inayomfanya mtazamaji ajisikie msafi tangu mwanzo ni hotuba, na hotuba tunazipata Ijumaa msikitini kutoka kwa wenye elimu yake.

Bibi yangu alikuwa mtu wa sinema, enzi ambazo jengo la Majestic pale Vuga lilijaa Jumapili na watu wakitoka wanaimba nyimbo za Kihindi wasizozijua maana. Alimlilia Devdas wa mwaka 1955, wa Bimal Roy, akiwa na Dilip Kumar, rangi nyeusi na nyeupe. Mimi nilimtazama Devdas wa mwaka 2002, wa Sanjay Leela Bhansali, na Shah Rukh Khan. Riwaya ni moja, ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917: mtoto wa bwana mashamba anashindwa kumwoa jirani yake Paro kwa kuwa wazee wameona ukoo wake ni duni, anakimbilia ulevi na nyumba ya mcheza ngoma Chandramukhi, na anakuja kufia nje ya lango la mume wa Paro. Kwa Roy nyumba ya Paro ni nyumba ya kijijini. Kwa Bhansali hata hao wanaodharauliwa kwa ukoo wao wanaishi katika jumba la vioo vya rangi, na ukiangalia kwa akili ya kawaida hujui wanadharauliwa kwa lipi. Hapo nakubali, hoja ya riwaya imezama. Paro na Chandramukhi wanacheza ngoma pamoja, jambo ambalo mwandishi asingelifikiria hata usingizini.

Lakini ile dakika ya mwisho! Paro anakimbia ndani ya jumba la mumewe, ncha ya sari yake inaburuta, ngazi hazishi, milango haishi, na mwisho wake lango kubwa linafungwa mbele ya uso wake. Fahari yote iliyotulevya saa tatu imegeuka kuwa umbali wa kukimbia. Nyumba ingekuwa ndogo angemfikia. Mimi sioni kama hilo lingewezekana bila ya mwongozaji kututamanisha kwanza.

Ninachokichukia ni kitu chengine, na nacho kiko nje ya filamu. Ilipotoka Gatsby ya mwaka 2013, Brooks Brothers waliuza suti za Gatsby na Tiffany wakauza vito vya Daisy. Filamu ile ilizoa zaidi ya dola milioni 350 duniani, na Catherine Martin, mbunifu wake, akachukua tuzo mbili za Oscar, ya maleba na ya mandhari. Alizistahiki. Lakini hadithi ya mtu aliyedhani kwamba mashati yatamnunulia maisha ikigeuzwa tangazo la mashati, Gatsby mwenyewe angeingia dukani akanunua dazeni. Binamu yake mwanafunzi hakukosea kuuliza fundi. Alifanya alichoandaliwa kukifanya.

(Wazee wa sinema za Kihindi wamwangalie Wolfsheim katika filamu hiyo, yule mcheza kamari. Ni Amitabh Bachchan. Nyumbani kwetu alipotokea walipiga makofi, na mambo ya maadili yakaahirishwa kidogo.)

Maalim wa Vikokotoni

Mjukuu, umenishika. Nilipokuwa nikiisomesha riwaya ile nilikuwa naharakisha pale kwenye mashati, naona ni pahala pa kuchekesha, na sasa naona nilikuwa nakimbia tamaa yangu mwenyewe. Hata hivyo siachi hoja ya mzee Gatz. Kutamanisha kwanza ni halali, ila anayetamanisha ana deni, na deni lile Bhansali amelilipa langoni kama ulivyosema. Luhrmann kaliacha kwenye daftari.

Mwanafunzi wa Tunguu

Nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichokiomba. Jana nimeirejelea filamu peke yangu, sauti nimeizima kabisa ili nione picha tupu, kama alivyonifundisha Bi Kamera bila kujua. Bila muziki zile karamu ni watu wanaosukumana. Fataki zikipasuka kimya zinafanana na kitu kinachoungua.

Nimebaki na moja, na hili ni la kwetu khasa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed tumeisoma wengi skulini: Bwana Maksuudi, tajiri anayetafuta heshima ya umma na kura zao, ndani ya nyumba yake amemfungia binti yake Maimuna asione hata njia, na mkewe Tamima anaishi kwa hofu. Sote tumeona pia kwamba riwaya zetu zinaweza kwenda kwenye skrini bila kuharibika, kwani Vuta N'kuvute iliyoongozwa na Amil Shivji ilifika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na utajiri wa Bwana Raza, yule mume mzee wa Yasmin, ndani yake haukumfanya mtu atake kuolewa naye. Je, nyumba ya Maksuudi ingepigwaje picha? Ni lazima iwe nzuri, maana mji mzima unaihusudu. Na ni lazima tuione ni jela.

Bi Kamera

Mwanangu, ningepiga ndani tu. Nje nisingetoka hata mara moja mpaka siku anayotoroka Maimuna. Kochi, zulia, kabati la vyombo, pazia zito, yote yawe mazuri na yote yapigwe kwa urefu wa macho ya msichana aliyekaa chini, na mwanga wa jua uingie kwa ufa mmoja wa dirisha, uhame juu ya zulia kutoka asubuhi hadi jioni. Wanaoisifu nyumba tungewasikia sauti zao tu, wanapita njiani.

Mtu wa Wete

Na baba mtu aonekane viatu kwanza. Viatu vilivyopigwa rangi vizuri.

Mwanafunzi wa Tunguu

Hivyo viatu nimeviandika. Alhamisi baada ya Isha tunatundika shuka tena, safari hii ni hiyo ya Visconti, na kwa kuwa inazidi saa tatu nimeomba ukumbi wa mjomba wenye feni mbili. Maalim kiti chako kipo. Bi Kamera, projekta niliyoazima inatoa picha za manjano kidogo, naomba uje mapema uiangalie.